Ukuta wa Njia ya Nne

Kijitabu kililetwa Jumatatu asubuhi ndani ya bahasha ya kaki, na aliyeandikiwa alikuwa amepiga magoti akisugua kizingiti cha mlango wake mwenyewe. Miaka ishirini na miwili ya kudeki vyumba vya kubadilishia nguo kwenye bwawa la kuogelea la manispaa ilikuwa imeifundisha mikono yake kazi hiyo, na hata nyumbani ilikuwa haitulii. Mtaa mzima ulimwita Kambare. Jina hilo alipewa usichanani kwa kejeli, kwa sababu alijifunza kuogelea kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji ya mvua. Akalipokea, akaingia nalo bwawani, akawashinda nalo waliompa.

"Nina povu mikononi," akamwambia binti yake. "Nisomee wewe."

Binti alikuwa anamalizia chai kabla ya kwenda kazini, kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Akachana bahasha. Baba yake, ambaye kila mtu alimwita Fundi kwa kuwa alikuwa fundi wa vigae, alikuwa ameketi kwenye kigoda akijifunga kitambaa gotini. Magoti ya watu wa kazi ile huzeeka kabla ya wenyewe.

"'Malkia Wawili wa Maji: Nani Zaidi?'" binti akasoma. "Kimetolewa na chama cha waogeleaji. Mama, kumbe ni wewe na Pomboo."

"Picha yangu ipo?"

Ilikuwepo. Ya Pomboo ilijaza ukurasa mzima, suti nyeusi, medali shingoni. Ya Kambare ilikuwa ndogo kama stempu, imekatwa kutoka kwenye picha ya kundi, na bega la mtu mwingine lilikuwa limebaki pembeni. Chini yake walikuwa wamechora safu mbili.

"Medali za nje ya nchi," binti akaendelea. "Pomboo, kumi na nne. Kambare, hakuna. Safari za mashindano, Pomboo ishirini na moja, Kambare hakuna. Makocha, Pomboo watatu, Kambare hakuna. Kazi ya sasa. Pomboo, mshauri wa wizara. Kambare..." Akasita.

"Soma. Mimi naijua kazi yangu."

"Usafi."

"Usafi si tusi. Endelea."

"Muda bora wa mita mia, mtindo huru, kwenye bwawa letu la nyumbani. Kambare, dakika moja, sekunde mbili na sehemu arobaini na moja za mia. Pomboo, dakika moja, sekunde mbili na sehemu thelathini na saba."

Hapo Kambare aliacha kusugua. Sehemu nne za mia za sekunde. Alizijua kama mtu anavyolijua jino bovu. Mwaka ule kulikuwa na nafasi moja tu ya kwenda nje, na ingepewa msichana mwenye muda bora kwenye bwawa lile. Aliishika nafasi hiyo miezi mitano. Siku ya mchujo wa mwisho alikuwa amelala na homa, na Pomboo akaogelea peke yake dhidi ya saa. Sasa mtu amekaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka, amehesabu safari ishirini na moja za yule aliyepelekwa, akaziweka mbele ya sifuri ya yule aliyeachwa, kisha anauliza nani zaidi. Huko si kulinganisha, ni kumtemea mtu mate na kumpa risiti.

Ndani ya bahasha kulikuwa na barua pia. Jumamosi saa nne asubuhi ingefunguliwa shule ya kuogelea kwenye bwawa lile. Mshindi wa ulinganisho angetangazwa mbele ya mgeni rasmi, shule ingepewa jina lake, naye angekuwa mwalimu mkuu. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine atakayeruhusiwa kuingia majini kufundisha.

"Na wewe," binti akamalizia, sauti imeshuka, "unaombwa ufike ukiwa umevaa sare yako ya kazi, ili umshikie mshindi taulo."

Kila alfajiri, kabla lango halijafunguliwa kwa wenye tiketi, Kambare alikuwa na watoto kumi na tisa majini: watoto wa wauza mboga, wa walinzi, wa wafagiaji. Meneja alijifanya haoni. Shimo la machimbo lilikuwa bado lipo nyuma ya mtaa, na kabla hajaanza kufundisha lilikuwa likichukua mtoto karibu kila msimu wa mvua. Tangu aanze, halijapata hata mmoja. Hayo hayakuwa na safu kwenye kijitabu.

"Watoto wangu wataenda wapi?" akauliza.

Fundi alikifungua kitambaa cha gotini, akakifunga, akakifungua tena.

*

Kesho yake Kambare aliomba ruhusa ya nusu siku akaenda kwa Katibu wa chama. Alikaa kwenye benchi la ukumbini saa tatu nzima. Watu waliokuja nyuma yake waliingia na kutoka. Mara mbili alitazama kama viatu vyake vimeacha alama sakafuni.

Katibu alikuwa kijana mwenye maneno laini. Alimkaribisha kwa "mama" na kumwambia aketi, ila kiti kilikuwa na mafaili na hakuyaondoa.

"Nimekisoma kijitabu," Kambare akasema akiwa wima.

"Kizuri, eh? Tumekuenzi. Wengi wa rika lako hata picha hawakupata."

"Sikuja kwa ajili ya picha. Chukueni jina, shule iiteni mnavyotaka. Niachieni saa moja ya alfajiri na watoto wangu."

"Mama, hapo mikono yangu imefungwa. Mwalimu lazima awe na sifa. Takwimu ndizo zinazosema."

"Takwimu zinasema nini? Kwamba mwenzangu alipanda ndege?"

"Tusahau ndege." Katibu alitabasamu. "Kwenye bwawa hilihili, maji hayahaya, alikushinda."

"Kwa sehemu nne za mia. Kupepesa jicho kunachukua zaidi."

"Ndiyo maana nasema usiumie. Ni tofauti ndogo sana."

"Kama ni ndogo, mbona imenifuta maisha yote?"

Katibu alikohoa. Alivuta kitabu cha kanuni, akakifungua kwa kidole kimoja, akageuza upande wa Kambare asome. Herufi za kanuni zilikuwa ndogo, na miwani Kambare alikuwa ameiacha nyumbani, kwa hiyo akasomewa kama mtoto.

"'Pingamizi huletwa kwa maandishi, ndani ya dakika thelathini tangu matokeo kutangazwa, likiwa na ushahidi na shahidi.' Dakika thelathini, mama. Wewe umechelewa miaka ishirini na sita."

"Nilikuwa na homa."

"Pole."

"Na haya ya kijitabu, ya nani zaidi, hayo nayo ni matokeo?"

"Hayo bado. Yatakuwa matokeo rasmi nikiyatangaza Jumamosi." Alisimama kuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha, akachukua kikombe kitupu mezani, akamwekea mkononi. "Ukipita jikoni niachie hiki hapo, tafadhali."

Kambare alikipeleka. Alikiosha kabisa, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya vingine, na alipokuwa anakisuuza hasira ikampanda mpaka masikio yakaziba.

*

"Akanipa kikombe," alisema alipofika nyumbani, bado hajavua viatu. "Nimekwenda kudai maji yangu, nimerudi nimeosha kikombe chake."

Binti alikuwa amerudi kutoka kazini, akatukana kwa sauti ya chini. Fundi aliinuka kutoka kwenye kigoda, na kwa mtu mwenye magoti yale kuinuka si jambo la mara moja.

"Mke wangu, keti."

"Nimeketi kwenye benchi la watu kutwa. Sema nikiwa nimesimama."

"Lile bwawa ni fupi."

Kambare alimtazama kama mtu anayeongea usingizini.

"Mwaka ule walipolifunga kutengeneza," Fundi akasema, "ni sisi tuliobandika vigae. Wewe ulikuwa umeshaweka muda wako, Pomboo bado. Mkataba ulisema tung'oe vya zamani kwanza. Mkandarasi akaona siku zinamwishia. Akaniambia, fundi, bandika juu ya vilevile, nani atachungulia? Nikabandika. Saruji na kigae, sentimita mbili ukuta huu, sentimita mbili ukuta ule. Sikufikiria kuogelea hata kidogo. Mtu wa vigae anaangalia kama uso umenyooka, basi. Niliunyoosha ukuta ule mpaka ukapendeza. Sikujua kwamba sentimita mbili zina mwenyewe."

Binti alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. "Nne kwa kwenda, nne kwa kurudi. Nane."

"Nane," Fundi akakubali. "Kwa mwendo wao, sentimita nane ni sehemu tano za mia za sekunde. Pomboo alimshinda mama yako kwa nne."

Kambare aliketi. Hakuketi kwenye kiti. Aliketi pale alipokuwa, sakafuni.

"Ulizipiga lini hesabu hizo?"

"Siku matokeo yalipotangazwa."

"Nilikuwa kitandani."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaninywesha uji. Ukaniambia, mke wangu, haikuwa riziki yako. Nakumbuka neno kwa neno."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mkandarasi alikuwa ameniahidi kazi ya vigae vya hospitali. Vyumba arobaini. Tulikuwa na miezi mitatu tangu tuoane, tunalala kwa watu. Kazi ile ndiyo iliyojenga nyumba hii. Nikasema nitakuambia tukihamia. Tukahamia. Nikasema nitakuambia mtoto akizaliwa. Kila nilipochelewa, ikawa ngumu zaidi."

Kambare alitazama kuta nne alizozisugua miaka yote hiyo akijivunia kwamba ni zao. Alimchukia mumewe wakati ule, chuki kavu isiyo na machozi, na hakujaribu kuificha. Kila alipopita na ndoo yake chini ya ubao wa rekodi, mtu huyu alikuwa nyumbani anajua. Wakubwa waliomwonea walikuwa wengi na hawakuwa na sura. Huyu alikuwa na sura, na alimpikia uji.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Yako imefika. Kesho bwawa linakaushwa walisafishe kwa sherehe. Chukua nyundo, chukua tindo, chukua futi ndefu. Na usiniambie pole. Ukiniambia pole nitakutoa humu ndani."

*

Saa kumi na mbili asubuhi ya Alhamisi walishuka kwenye bwawa tupu, Kambare mbele na funguo zake za kazi, Fundi akishuka ngazi kitako, binti nyuma na simu ya kupigia picha. Mlinzi wa lango, baba wa watoto wawili kati ya wale kumi na tisa, alikuja ukingoni akachungulia.

"Mama Kambare, mnafanya nini humo?"

"Tunapima."

"Basi mimi nalinda lango," mlinzi akasema, lakini hakuondoka.

Fundi alibana mwanzo wa futi kwenye ukuta wa njia ya nne, ile aliyoogelea mkewe siku ya rekodi, akauacha mwanzo huo mikononi mwa binti, akaivuta futi polepole hadi upande wa pili. Aliinyoosha mpaka ikakaza, akapiga goti bovu chini, akasoma. Alisoma mara tatu.

"Mita arobaini na tisa na sentimita tisini na sita."

"Sema tena, mlinzi asikie."

Akasema tena. Kisha akachagua kigae kimoja cha chini, pembeni, akaweka tindo. Aligonga kwa upole wa mtu anayeijua kazi, na donge likatoka zima kama kipande cha mkate: kigae cheupe mbele, saruji katikati, na nyuma yake kigae cha buluu kilichochakaa.

Kambare alikipokea. Alipitisha kidole kwenye ile buluu. Huu ndio ukuta alioupigia mkono akiwa na miaka ishirini, siku ile alipoinua kichwa akaona watu wamesimama kwa ajili yake, na siku zote alidhani wameubomoa. Kumbe ulikuwepo, umefunikwa tu, na aliyeufunika alikuwa anapumua karibu yake. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na Fundi akanyoosha mkono, akaona uso wake, akaurudisha.

Binti alitaka waende kwa Katibu saa ileile.

"Akijua leo, Jumamosi atakuwa na jibu," Kambare akasema. "Amesema mwenyewe matokeo bado. Acha atangaze."

Siku hiyo binti aliandika pingamizi dukani kwake, akalitoa nakala sita, na bosi wake akajifanya anahesabu karatasi. Mlinzi alisaini kwamba ameona. Ilipofika zamu ya Fundi, binti aliizuia kalamu.

"Baba, hapa pameandikwa, mimi ndiye niliyebandika. Ukisaini, hakuna mtu atakayekupa hata choo kubandika."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama dirishani. Akasaini.

*

Jumamosi bwawa lilikuwa limejaa na kung'aa. Mahema mawili, viti vya kitambaa cheupe, mgeni rasmi katikati. Kambare alifika na sare yake ya kijani kama alivyoagizwa, imepigwa pasi, na taulo jeupe lililokunjwa vizuri mikononi. Lilikuwa zito kuliko taulo, ila nani humwangalia mama wa usafi mikononi. Alielekezwa asimame nyuma ya mapazia ya hema, kando ya makreti ya soda, asitoke mpaka aitwe.

Pomboo alikuwa ameketi mstari wa mbele. Alikuwa amenenepa kidogo, na mabega yalikuwa bado mapana. Alipomwona Kambare akipita aliinua mkono nusu, kama mtu asiye na uhakika kama anaruhusiwa.

Katibu alisoma safu zote mbili kwenye kipaza sauti. Medali. Safari. Makocha. Alipofika kwenye kazi ya sasa, watu wachache walicheka, si kwa ubaya sana, na kicheko hicho kikamfikia Kambare kule kwenye soda. Fundi alikuwa amesimama karibu na lango na binti yake. Aliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo, kwa takwimu zisizo na upendeleo, natangaza rasmi kwamba malkia wa maji ni Pomboo."

Makofi. Kambare alitazama saa kubwa ya bwawa. Saa nne na dakika arobaini na moja. Mtu akamfanyia ishara alete taulo.

Alitembea kando ya maji, hatua za kawaida. Alimpita Pomboo, akafika kwenye meza ya mgeni rasmi, akaweka taulo juu ya kitambaa cha meza na kulikunjua. Donge la vigae likakaa hapo, jeupe upande mmoja, buluu upande mwingine. Karatasi ilikuwa chini yake.

"Matokeo yametangazwa saa nne na arobaini na moja," akasema. Hakuhitaji kipaza sauti; aliyezoea kuwaita watoto kumi na tisa majini ana sauti. "Sasa ni arobaini na tatu. Naleta pingamizi, kwa maandishi. Ushahidi ni huu. Shahidi yupo langoni, ndiye aliyebandika."

"Mama, hapa si mahali pake," Katibu akasema kwa tabasamu lililokufa nusu.

"Kanuni ulinisomea wewe."

Mgeni rasmi alikuwa ameshaichukua karatasi. Alisoma, akageuza donge, akasoma tena. "Katibu, bwawa hili ni fupi?"

"Mheshimiwa, ni sentimita... ni tofauti ndogo sana."

"Ndogo kama ile niliyoshindwa nayo," Kambare akasema. "Tena hii imeizidi ile kwa sehemu moja ya mia."

Fundi alikuwa anakuja kutoka langoni akichechemea, kila mtu akimtazama, ukingo mzima wa mita arobaini na tisa na sentimita tisini na sita. Hakuna aliyempa kiti. Alisimama kando ya mkewe, akasema jina la kazi yake, mwaka, na ukuta. Alipomaliza, Kambare hakumtazama, lakini alisogea kidogo akampa nafasi ya kuegemea meza.

Pomboo alikuwa ameinuka. Alikuja mpaka mezani, akakiweka kiganja chake kwenye kile kigae cheupe, namna mwogeleaji anavyogusa ukuta.

"Siku ile," akasema kwa sauti ndogo, kwa Kambare peke yake, "ukuta ulinijia. Mkono ulikuwa bado haujanyooka, ukagonga. Kwenye kugeuka pia. Mwili unajua bwawa, dada. Nilijiambia ni nguvu zangu."

"Ulijua."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wote walikuwa wanapiga makofi."

Kwa hiyo walikuwa wawili. Mmoja kitandani mwake, mmoja kwenye picha ya ukurasa mzima, na katikati yao yeye na ndoo. Kambare alitaka kucheka, akataka kumpiga mtu, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Katibu, ambaye alikuwa amesahau kwamba amekishika, akampa Pomboo.

"Waambie wao," akasema. "Mimi umeshaniambia."

Pomboo alikishika. Alitazama viti vyeupe, mgeni rasmi, kibao kipya chenye jina lake kilichofunikwa kitambaa. Nyuma ya uzio watoto kumi na tisa walikuwa wamejipanga na nguo zao za kuogelea, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaambia wasije. Kipaza sauti kilikoroma.

Kambare akainua macho kwenye saa ya bwawa.

"Zimebaki dakika kumi na tisa za pingamizi," akamwambia Pomboo. "Nasubiri."